Mpande wa Pontien

"Hiki ni kipande cha sahani, Pontien. Sahani ya kulia wali. Hata ua lake bado linaonekana pembeni."

"Hii njo mpande yenyewe, yaya. Mujomba alinipatia kwa mukono wake mbele ya kufa."

"Kwa mukono gani? Yote miwili ilikuwa imepooza."

Mama Bertille alimtazama mdogo wake kama mtu anavyotazama dagaa, ndakala, walioanikwa siku ya mvua. Kesho ukoo mzima ungekutana hapa Kalemie, na ambaye angetokea na mpande, alama ya uchifu, shingoni ndiye angerithi kiti cha mjomba na kugawa mashamba. Pontien alikuwa amekwisha kumwahidi mfuga ng'ombe wa Pepa shamba la mihogo ambalo Bertille alililima miaka thelathini.

Huyo ndiye chifu. Alijaribu kuvua siku tatu. Samaki wakamwonea aibu, wakahamia ng'ambo. Alipochunga ng'ombe kule Pepa, jioni ng'ombe ndio waliomrudisha nyumbani. Alikwenda Kigoma kuuza mawese, akarudi na kofia tu.

Mpande wenyewe ulipotea wakati wa kukimbia vita. Bertille aliuona utotoni kwenye kifua cha babu: kichwa cha gamba la konokono wa bahari, kimekatwa mviringo, cheupe, kina mstari unaojizungusha kuelekea katikati kama nyoka aliyelala. Konokono yule ana jino kama mshale. Humchoma samaki anayepita, naye samaki humezwa kabla hajapata habari kwamba amekufa. Gamba lake lilibebwa kichwani kutoka pwani mpaka ziwani, na wapagazi waliondoka vijana wakafika na mvi.

"Mustari uko wapi?" Bertille akauliza.

"Umefutika. Ni wa zamani."

"Mustari umefutika, ua la sahani limebaki."

"Wewe ni mwanamuke, yaya. Wazee hawatakusikiliza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma. Akainuka, akachukua ndimu kwenye kapu, akaipasua kwa kisu.

"Basi wasinisikilize. Watazame. Gamba la konokono likionja ndimu linatoa povu. Sahani haina la kusema. Lete."

Pontien akaficha kile kitu nyuma ya mgongo.

"Lete, chifu. Unaogopa ndimu?"

"Kesho, yaya. Kesho mbele ya—"

Papa Casimir, mkubwa wa ukoo, akaingia bila hodi. Akaitazama ndimu, akamtazama Pontien, kisha akamnyooshea Pontien mkono, kiganja wazi, akingoja kile kitu.