Mwombaji Niliyemtoa Nje

Ndugu zangu, naona aibu hata kusimulia. Chuo kilinituma Manyoni kusaili waombaji wa sheria, hasa wale wanaosahaulika, nami nikajiona mkombozi. Asubuhi akaingia mama mmoja wa makamo aliyejifunga kitenge.

“Shikamoo mama. Wazazi wanasubiri nje,” nikamwambia.

“Marahaba,” akajibu, akatoka.

Nilikaa peke yangu kwenye ukumbi mtupu hadi mchana. Hakuja mwombaji hata mmoja, wala mtu wa kunisalimia. Upweke ukanitoa nje. Yule mama alikuwa bado ameketi barazani.

“Mama, mwanao mbona haji?”

“Wanangu nimewaacha Rungwa,” akasema taratibu. “Mwombaji ni mimi. Nilijua umeshanikataa, nasubiri tu basi la kurudi.”