Katuni za Jaffar Ukutani

Johari binti Abdillahi alikuwa akisema kwamba mke wa mlevi ana afadhali, maana mlevi angalau hulala. Mumewe, Jaffar, hakuwa mlevi. Alikuwa karani wa bandarini, mtaratibu, mswalihina, na mwenye magunia mawili ya vitabu vya katuni alivyovinunua vikuukuu tangu ujana wake. Mwaka wa themanini na saba, walipokwisha kupaka chokaa sebule ya nyumba yao kule Timbwani, Likoni, Jaffar alikoroga uji wa unga wa ngano, akavichambua vitabu vyake karatasi moja moja, akazibandika kwa pembe nne ukuta mzima ulioelekeana na dirisha. Upande mmoja wa kila karatasi ulionekana, wa pili ukalala kwenye chokaa. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili.

"Waonaje?"

"Naona wazimu," Johari akamjibu, akaenda zake jikoni.

Ukuta wenyewe ndio uliokuwa wa kibla. Kila kipindi cha swala ilimbidi Johari apande kiti, atundike leso kuzifunika zile nyuso, aswali, kisha apande tena kuzishusha kwa kuwa bwana analalamika haoni. Jaffar alijitia kutafuta suluhu. Alichukua kalamu ya wino akaipitishia kila sura mstari shingoni, akidai kuwa picha iliyokatwa kichwa si picha tena. Basi sebule ikajaa watu waliochinjwa na wasioacha kuzungumza.

Lakini lililomchoma hasa lilikuwa la babake. Mwalimu Abdillahi, aliyesomesha madrasa miaka arubaini, hakukosa kumzuru bintiye kila Alhamisi baada ya alasiri. Siku alipouona ule ukuta alirudisha viatu miguuni.

"Mwanangu, nyumba yenye mapicha kama haya mimi siingii. Nitaketi barazani."

Akaketi barazani kweli, Alhamisi baada ya Alhamisi, mwaka mzima. Johari akimpelekea chai nje majirani wakitazama, na haya zikimla, maana alijua wanavyojiuliza ni binti gani huyu asiyemkaribisha babake ndani. Hakutaka kingine duniani ila kumwona mzee ameketi kwenye kochi lake. Alimwambia Jaffar hivyo kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamwambia kwa kumnunia siku tatu. Jaffar akasema atafikiri.

Mzee mwenyewe hakuonekana kuudhika. Alihama kutoka upande wa mlangoni akaketi kando ya dirisha, akisema pana upepo, na akataka dirisha liachwe wazi. Siku nyingine akaja na miwani mipya.

Alhamisi moja Johari alifika mwisho wa subira. Jaffar akiwa kazini, alichukua beseni la maji na kisu, akabandua karatasi zote. Akazitia guniani bila kuzitazama, na chache zilizoraruka akawashia jiko. Alasiri babake alipofika, alimshika mkono.

"Ingia, baba. Ukuta ni mweupe."

Mwalimu Abdillahi akaingia, akaketi kwenye kochi, akautazama ukuta. Johari alileta chai na mahamri, akaketi mbele yake kwa furaha.

"Zi wapi?" mzee akauliza.

"Zipi, baba?"

"Zile karatasi. Yule kijana aliyetiwa kisimani na ami yake." Alikohoa kidogo. "Kutoka dirishani naona upande mmoja tu. Atiwa kisimani, kisha karatasi ya pili yuko sokoni auza matikiti. Alitokaje? Nimejiuliza mwaka mzima."

"Baba, si wewe uliyesema huingii nyumba ya mapicha?"

"Na sikuingia. Nilikuwa nde, barazani." Mzee akaweka kikombe chini. "Mabaya ni yaliyotundikwa. Yaliyo chini, ya kukanyagwa, hayana neno. Nipa hilo gunia."

Akashuka mkekani, na Johari, akiwa amefura kwa hasira, akapiga magoti kumsaidia kuchambua. Karatasi za kisima zilipatikana zote isipokuwa moja, ile ya kutokea. Mzee akaligeuza gunia, akalikung'uta. Kisha akamtazama bintiye, na Johari akalitazama birika.

Wakati huo Jaffar aliingia. Aliona ukuta mtupu, gunia, na mkwewe sakafuni. Johari alijiweka tayari kwa ugomvi, na kwa hakika aliutamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Jaffar, huyu kijana alitokaje kisimani?"

Jaffar alimtupia mkewe jicho, akavua viatu polepole. "Ni kisa kirefu, Mwalimu, chataka kuanzwa mwanzo. Yeo nimechoka. Kesho ukija ukaketi hapa ndani, inshallah nitakupa kidogo."

Mzee akaja kesho yake, na kesho kutwa yake, na miezi mitatu ikapita kijana bado yumo kisimani. Johari aliudhika, lakini hakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu karatasi aliichoma mwenyewe, na ombi lake lilikuwa limejibiwa. Kila alasiri alileta chai ndani, akamkuta babake kwenye kochi lile lile alilomtaka aketi, amemwinamia Jaffar kwa makini. Akifungua kinywa kumuuliza babake ameshindaje, wote wawili huweka kidole mdomoni, anyamaze.