Kisogo cha Mama Ukutani

Watu wanaofundisha wenzao kusimama wima aghalabu hawajawahi kubeba kuni. Nasema hivyo kwa hasira, na hasira yenyewe ni ya zamani, ya miaka ya arobaini ikielekea hamsini huko Karuba, nilipokuwa msichana wa miaka kama kumi na miwili nikisoma kwa watawa.

Kwetu mlimani mwanamke hubeba kwa mgongo. Kitunga hukaa mgongoni, mkanda wa ganda la mti hupita juu ya paji la uso, na shingo ndiyo inayovuta. Mama alivuta hivyo tangu utotoni: kuni, maji, maharage. Mara mbili kwa mwaka alishuka na wanawake wenzake hadi Itebero msituni, siku kadhaa za miguu, maharage kwenda, mawese kurudi. Hata uzee hakuwa ameufikia, lakini alitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Mama yake naye alimalizia hivyo hivyo, akiona vidole vyake vya miguu tu, akihema hata akiwa ameketi, mpaka siku pumzi ilipomkatika.

Siku moja mtawa alitufundisha kwamba mgongo uliopinda hubana kifua, mapafu yakakosa nafasi. Dawa, alisema, ni ukuta. Simama asubuhi na jioni, visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ukuta, kidevu ukirudishe nyuma, uvute pumzi polepole. Kisogo kikigusa bila kulazimishwa, mgongo uko salama. Wenzangu walikuwa wanachekana. Mimi nilikuwa namwona bibi.

Siku hiyo hiyo nilimsimamisha Mama kwenye ukuta wa nyumba yetu. Kati ya kisogo chake na udongo kiganja changu kilipita chote, na nafasi ikabaki. Niliogopa.

Basi kila aliporudi shambani nilimwita ukutani. Nilikuwa mkali kuliko mtawa. Nilimsukuma paji la uso kama mlango uliogoma kufungika, nikamkemea akae sawa, nikamwambia agawe mzigo, aende mara mbili. Akaniuliza kwa upole hiyo mara ya pili ataenda nani, na shamba litalimwa na nani. Wiki zilipita, kiganja changu kikiingia kama kawaida, na Mama akawa anasimama katikati ya kilima kutafuta pumzi. Maji yalikuwa yamezidi unga. Nikamwambia kwamba kisogo kisipogusa kabla ya safari ya Itebero, naacha shule nimsaidie kubeba. Nilidhani maneno hayo yatamtia moyo.

Na kweli, kisogo kikaanza kugusa. Mwanzo viliingia vidole vinne, baadaye viwili, kisha hata kimoja hakikupita. Nililia kwa furaha mbele yake. Alicheka kidogo na kunipangusa uso. Asubuhi ya safari aliondoka na kitunga kimejaa maharage mpaka juu, nami nikamwangalia akienda, roho yangu imetulia.

Siku ya pili nilichukua nguo za kufua. Mama alikuwa amesafiri na kitambaa chake cha kichwani cha kwendea kanisani, kile cha kila siku akakiacha. Nilipokiinua nilikiona kizito upande wa kisogoni. Nikakifungua. Ndani mlikuwa na vitambaa vikuukuu vimekunjwa, tabaka juu ya tabaka, kila moja na mshono wake. Alikuwa akiongeza kidogo kidogo, na mimi nikipima vidole.

Niliacha nguo kijitoni nikakimbia hadi juu ya kilima. Njia ilikuwa tupu. Alikuwa ameshatangulia siku nzima na zaidi, na mzigo niliomwachia abebe mwenyewe. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua, na siku zile zote nilikuwa nasikia methali hiyo nikila, nikisali, nikiwa darasani.

Alirudi siku ya kumi na moja, wa mwisho kwenye mstari, mawese mgongoni, akisimama kila baada ya hatua chache. Nilimkimbilia uani nikamwonyesha kitambaa. Nilitaka kumgombeza. Nililia tu.

Hakuushusha mzigo. Alishika mkanda kwa mikono miwili, akaniangalia kutoka chini.

"Ungeacha masomo," akasema. "Ungebeba na mimi, na mugongo yako ingekuwa hii. Yangu ilishaisha, mutoto wangu. Yako njo niko nachunga."

Nikamwambia sirudi shule ng'o. Nikashika kitunga nimpokee. Akajisogeza pembeni.

"Sitashusha mpaka useme utaenda."

Nilikaza kichwa. Naye akasimama palepale, mishipa imemtutumka kwenye paji la uso, pumzi zikimtoka fupi fupi, jasho likidondoka ardhini mbele ya miguu yake. Majirani walipita, wakasalimu, hakuweza kuitikia. Magoti yake yalianza kutetemeka na bado hakushusha.

"Nitaenda," nikasema.

Ndipo alipopiga magoti, akauacha mkanda uteleze. Kesho yake nilikwenda, mgongo umenyooka, na kuni za siku hiyo alizibeba yeye.