Njia Iliyokanyagwa Sana

Heri ningekataa. Miaka michache kabla ya Uhuru, Mchungaji wetu wa Igowole aliniomba niwaongoze wageni wake hadi kwenye maporomoko ya maji msituni. Sikuwahi kufika huko, lakini nilikuwa nimesoma hadi sekondari, nikaona haya kusema sijui; nikasema naijua njia. Nikafuata njia iliyokanyagwa zaidi.

Ikatufikisha kwenye mianzi inakogemwa pombe ya ulanzi. Mzee wa kanisa, aliyekuwa akikemea ulevi wetu, baba wa mchumba wangu Debora, alikuwa na kibuyu mdomoni.

“Umewaleta wewe?” mzee akaniuliza.

“Nilidhani ni njia ya maji, baba.”

“Maji siyaoni,” Mchungaji akasema.

Mpaka leo nina hasira: alikunywa yeye, nikaadhibiwa mimi. Lakini uongo ulikuwa wangu. Mzee alivunja uchumba wetu, akamwoza Debora kwa mwingine.