Mei You ya Mlimani

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nilitoka Sanyuanli, mtaa ninaokaa hapa Guangzhou, alfajiri nikiwa na karatasi mfukoni iliyopangwa dakika kwa dakika. Saa moja na dakika kumi, basi. Saa tatu na nusu, kuanza kupanda. Saa sita, kileleni. Saa tisa, niwe nimeshuka upande wa pili. Hata kula ndizi kulikuwa na dakika zake.

Najua nasaha ni kazi ya wenye mvi, nami baba yako nina miaka ishirini na tisa tu. Lakini nikingoja nizeeke ndipo nikuandikie, nitakuwa narudia kosa lile lile ninalotaka kukuonya.

Nilikuacha Morogoro na mama yako ukiwa na mwaka mmoja. Sasa una mitano. Hapa Guangzhou kazi yangu ni kukagua nguo za wafanyabiashara wetu kabla hazijafungwa kwenda Dar. Nafungua katoni, natazama mishono, na kilichopinda nakirudisha. Naiweza kazi hii kwa sababu siwezi kuvumilia kasoro, na nakiri kwamba huo ni ugonjwa. Nilikuwa nimejiapiza kutorudi mpaka nyumba ninayowajengea ikamilike yote, dari, vigae na geti. Kila ilipokaribia kwisha niliona jingine la kurekebisha. Mama yako akiuliza, nilimjibu, "Bado kidogo, mama Rehema." Mwisho akaacha kuuliza, na kimya chake kiliniuma kuliko maswali.

Milima niliipenda kwa ajili ya kuwakumbuka. Ukisimama mlangoni kwetu unaiona Uluguru yote, na asubuhi imejifunga mawingu kiunoni. Dirisha langu la huku linatazama nguo zilizoanikwa na dirisha la jirani. Basi nikawa natazama kwenye simu video za watu wa Scotland wakitembea peke yao kutwa nzima juu ya migongo ya milima ya mawe matupu, kushoto bonde, kulia bonde, wakipanda kwa mikono na miguu. Sikuwa na mwalimu mwingine. Nilijifunza kwao kwamba viungo vitatu vishike mwamba ndipo cha nne kisogee, kwamba jiwe hupimwa kabla ya kuaminiwa, na kwamba penye mteremko mkali mtu hushuka akiutazama mwamba. Mazoezi niliyafanya kwenye ngazi za jengo letu. Shabani, Mzanzibari ninayekaa naye chumba kimoja, alinicheka sana.

"Mluguru kaikimbia milima ya kwao, kaja Uchina kuilipia nauli."

"Nakwenda kupumzisha kichwa."

"Kichwa hupumzishwa kwa kulala, bwana weye."

Huyo Shabani ndiye aliyenifundisha soko nilipofika. Neno la kwanza utakalosikia kwa wauzaji, aliniambia, ni *mei you*, yaani hakuna. Usiondoke. Uliza tena. Ukiuliza mara ya tatu, mtu atainama na kukitoa chini ya meza kile kile alichosema hakuna. "Mei you ya kwanza ni salamu," alikuwa akisema. Na ni kweli, miaka minne nimeishi kwa kanuni hiyo.

Mlima wenyewe uko kaskazini mwa jiji, mwendo wa saa mbili kwa basi. Kwenye nyumba ya mwisho chini ya mlima, mama mmoja mtu mzima alikuwa akianika maganda ya machungwa kwenye ungo. Nilimwamkia, nikamwita *ayi*, kama tunavyosema shangazi, nikamwonyesha kwenye simu njia yangu ya juu kwa juu mpaka upande wa pili.

"Mei you lu," akasema. Hakuna njia.

Nikatabasamu, nikauliza tena. Akanijibu vile vile. Nikauliza mara ya tatu. Akainuka, akaonyesha kilele kwa kidole na kutikisa kichwa. Nikamshukuru kwa adabu zote na kuendelea na safari. Mwanangu, mtu aliyezaliwa chini ya mlima ananiambia hakuna njia, na mimi naona tunapatana bei.

Saa za mwanzo zilikuwa tamu. Msitu uliisha, mwamba ukaanza, mweusi, baridi, wenye kukwaruza viganja. Mgongo wa mlima ulikuwa mwembamba, mahali pengine nilikaa kama aliyepanda punda. Upepo ulikuja na harufu ya majani mabichi, na kwa kitambo nilihisi nikigeuka nitaona bati za Morogoro kule chini. Niligeuka kweli. Niliona wingu.

Saa sita kamili nilikuwa kileleni. Dakika haikupungua wala kuzidi, na nilijiona mtu. Mbele ya kilele palikuwa na mteremko wa mwamba, na simu ilisema njia inapita hapo. Nikaugeukia mwamba, nikashuka hatua moja, mbili, nne, mpaka kwenye kizingiti chembamba. Nikashusha mguu wa kulia kutafuta pa kukanyaga. Mguu ukapapasa, ukakosa. Nikachungulia. Chini yangu mlima ulikuwa umemeguka, udongo mwekundu mtupu, na wingu linapanda.

Sitakuficha nilichokiwaza kwanza. Sikuwaza kufa. Niliwaza kwamba ratiba yangu imeharibika. Nilisimama pale nimekumbatia jiwe, nikitafuta namna ya kupita ili nisirudi na safari nusu. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka wenyewe, kama cherehani, na sikuweza kuuzuia. Hapo ndipo nilipokuona wewe, na aibu yangu ni kwamba sikuweza kukumbuka sauti yako ya siku hizi. Niliyoikumbuka ni ile ya kitoto, ya kabla hujajua kusema.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwangu ngoma ilikuwa kupanda tena hatua zile nne. Mkono, mguu, mkono. Zilinichukua muda mrefu kuliko mlima wote.

Niliporudi bondeni yule mama alikuwa amesimama mwisho wa shamba na fimbo mkononi, anatazama juu. Alinikagua kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Nilikuambia mara tatu. Masikio yako ni ya kutundikia kofia?"

"Ayi, sokoni wakisema mei you, huwa kipo."

"Mimi siuzi mlima," akasema. Akacheka mpaka akaegemea fimbo, kisha akanirudisha kwake na kunipa maji ya moto. "Njia ilikuwapo. Mvua iliibomoa. Una mtoto?"

"Ninaye. Yuko kwetu, ana miaka mitano."

"Ulimwona lini?"

"Alikuwa na mwaka mmoja."

Akaacha kucheka. "Unangoja nini?"

Nikaanza kumweleza habari za nyumba. Kichina changu ni cha sokoni, kwa hiyo vigae vilinichukua maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto anakula vigae?"

Aliinama akaendelea kugeuza maganda yake, moja moja, yaliyopinda kwa yaliyonyooka.

Kwenye basi nilimpigia mama yako. Nikamwambia nakuja, nyumba haina dari. Akasema, "Njoo hivyo hivyo, mvua bado hazijaanza." Tiketi ninayo, ndege ni Alhamisi, nitapanda metro kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun na begi moja. Huenda hutanijua. Huenda utajificha nyuma ya kanga ya mama yako, na nitalazimika kungoja. Nitangoja.

Basi shika haya, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu ni yeyote aliyekaa mahali kabla yako, hata akiwa mwanika maganda. Wasiokuuzia kitu, waamini mara ya kwanza. Ukikuta njia imekatika, geuka ungali na nguvu za kurudi, wala usione haya kwa safari nusu. Na wanaokupenda usiwangojeshe mpaka uwe huna kasoro, maana siku hiyo haiji, wao ndio wanaokua na kuzeeka. Mungu akulinde penye utelezi, akupe sikio jepesi, na kila utakakokwenda akurudishe mlangoni kwenu ukiwa bado unatambulika.