Mkwe Aliyeingia na Soksi

Majina yote ninayo kichwani, hata la kijana wa bodaboda aliyemleta mgeni siku ile, lakini siyaandiki. Wenyewe wapo hai, na mtaa wetu wa Kitete si mkubwa.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, alifika miaka thelathini na minne hajaleta mtu nyumbani. Tulishaacha kuuliza. Halafu akatuambia amepata mchumba, Mjapani, yuko Ulyankulu kwenye mambo ya nyuki. Yeye anawaonyesha wakulima mizinga ya mbao, wao wanamwonyesha nyuki wanapenda miti gani. Mtaani wakasema tunaozesha kwa Mchina. Nilisahihisha nyumba mbili tatu, nikachoka.

Binti yangu hakuwa na shida na Ujapani. Shida yake ilikuwa kukumbatiwa. Kwetu Wanyamwezi, mkwe wa kiume na mama wa mke hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Akishika njia hii, wewe unashika ile. Ndiyo heshima yenyewe. Na binti yangu alikuwa ameona kwenye televisheni jinsi wageni wanavyokumbatia kila kinachopumua. Akamwambia mwanawe mbele yangu, kwa sauti ya chini, na akisema kwa sauti ya chini ujue hageuki:

"Aje. Lakini akinigusa, au akinikazia macho, posa imeisha. Sitaki barua, sitaki mshenga."

Nilimwona mjukuu anakunja pindo la kanga, anakunjua, anakunja tena.

Basi mimi niliyeishia darasa la tatu nikajipa ualimu. Nikamtajia mjukuu masharti yote, akayaandika kwenye karatasi ampelekee mwenzake. Moyoni nilimwonea huruma yule mtu, ukubwani aanze kufundishwa adabu.

Tulipanga binti yangu akae chumbani nyuma ya pazia, salamu zipelekwe na kurudishwa. Sebule yetu ni ya sementi, mtu akiingia na viatu anasikika mpaka uani. Binti yangu alitegemea masikio yake.

Mgeni akaja Jumapili baada ya misa. Mwanangu wa kiume, mjomba wa mjukuu, alimpokea kwenye bodaboda, akamfikisha mlangoni, akakimbilia dukani kufuata soda. Mjukuu alikuwa jikoni. Mgeni, kama wanavyofanya kwao, akavua viatu nje, akaingia na soksi. Hakusikika. Wakati huohuo binti yangu akatoka chumbani na sahani za mezani. Wakakutana katikati ya sebule, hatua mbili kati yao.

Binti yangu akaweka sahani chini, akapiga magoti, uso akaugeuzia pembeni. Mgeni akainama mpaka mgongo wake ukawa meza. Ameambiwa asimsemeshe mama mkwe, kwa hiyo hakusema. Na kwao, nilikuja kuelezwa baadaye, mdogo hainuki kabla ya mkubwa. Binti yangu naye hawezi kusimama mbele ya mkwe aliyeinama, atakuwa anamtazama utosi. Basi huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu. Mimi kwenye kiti changu nikajiuliza leo tutakula saa ngapi.

Hapo goti la binti yangu likakaza. Akajaribu kuinuka, akafika nusu, akarudi. "Mama," akaniita, taratibu. Lakini mimi mwenyewe kusimama huwa nasaidiwa. Mwenye nguvu mle ndani alikuwa mmoja tu, na ndiye asiyeruhusiwa. Nikaona ndoa ya mjukuu wangu inaondoka. Akimshika mkono, kwisha. Akimwacha pale sakafuni, kwisha vilevile, maana huyo atakuwa mkwe gani?

Mgeni, bado ameinama, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kiti changu, akachukua mkongojo wangu kwa mikono miwili. Ncha moja akaishika yeye, nyingine akaisogeza mpaka mkononi kwa binti yangu. Kisha akageuza uso kwenye kalenda ya ukutani, akaisoma kama mtu anayetafuta siku yake ya kuzaliwa. Binti yangu akashika, mgeni akavuta, goti likalia, binti akasimama akapotea nyuma ya pazia. Hawakugusana. Hawakutazamana. Kwa umri wangu sijaona Mnyamwezi aliyefanya vizuri namna ile. Mkwe wangu mimi, Mungu amrehemu, aliwahi kunigonga na baiskeli.

Lakini chumbani kimya. Tukaletewa wali na kuku, mjukuu hali, macho kwenye pazia.

Mgeni akatusimulia, kwa Kiswahili kizuri tu cha Ulyankulu, kwamba kwao hata mama yake mzazi hajamkumbatia tangu aache kubebwa. Wenzake walimwonya kuwa wakwe wa Kiafrika watamkumbatia ukoo mzima, naye akawa hapati usingizi. Karatasi ya mjukuu ilipomfikia, aliisoma mara mbili kwa furaha. Kumbe sisi huku tunamwogopa, yeye kule anatuogopa, na woga wenyewe ni mmoja.

Ila kitu kimoja hakikuwa kwenye karatasi. Bibi wa mke si mama wa mke. Mimi naye ni watani.

"Wewe ni mume wangu," nikamwambia, "na umeniletea mke mwenza bila kuniuliza. Mimi nani atanipikia?"

Akaweka kijiko. Akashuka sakafuni, akaniomba radhi kwa dhati kabisa, akaahidi kujifunza kupika. Mjomba akapaliwa na soda. Nikamwambia hapana, hapo ilitakiwa unirudishie, useme mimi mzee, sina meno. Akasema hawezi. Nikamwambia asipoweza, basi simtambui. Akatazama dari, jasho linamtoka.

"Bibi," akasema, "meno yako ni... machache." Akainama kuomba radhi upya.

Nyuma ya pazia tukasikia mtu anacheka kwa pua, anajizuia, anashindwa. Kisha sauti ya binti yangu:

"Mama, mwache mkwe wangu ale."

Mjukuu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mjomba akaacha kutafuna. Mgeni peke yake hakuelewa kilichotokea. Alishukuru tu kwamba ameokolewa kwangu, akavuta sahani, akala wali wake, hajui kwamba ameshapewa mke.