Hiyo ya Gali Iacheni

Mtu akiniambia leo kwamba kukaa na gari kuukuu ni ujinga, huwa namwuliza kwanza kama ana mama mkwe. Akisema hana, namwambia anyamaze, hayo mambo bado hajayafikia.

Gari langu lilikuwa la Kifaransa, refu, la safu tatu za viti, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Nililinunua kwa mwalimu mkuu mmoja wa Kitale aliyekuwa akistaafu. Namba yake ilikuwa ya zile za kabla ya KAA, na wakati ninaousema magari mapya barabarani yalikuwa yamefika KAS na KAT. Sisi watu wa Kenya tunasoma namba ya gari jinsi tunavyochungulia meno ya ng'ombe sokoni. Mtu hakuangalii wewe uliye ndani. Anaangalia herufi ya tatu, halafu ndiyo anaamua kama atakusalimia.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilikuwa karani wa stoo katika duka la mbegu na mbolea pale Kitale, na saa kumi na moja jioni ungenikuta kwangu, viatu nimevua, nikisikiliza redio. Lile gari tulipatana kwa sababu tulikuwa na tabia moja: hatukupenda kutoka. Nikiitwa kwenye kamati ya harusi kule Endebess nasema gari limekataa, na hakuna aliyebisha kwa sababu nusu ya mtaa walikuwa wameshalisukuma. Sikusema uongo. Nilichoficha tu ni kwamba likikataa nilikuwa nafurahi.

Safari moja peke yake halikuwahi kuikataa, nayo ni ya kwa wakwe zangu, karibu na soko la Myanga, upande wa Bungoma. Sijui lilijuaje. Siku ya kwenda huko liliwaka mara moja, likateremka hadi Webuye bila hata kukohoa.

Sasa nieleze jambo la viti. Kwa watu wa mke wangu, mkwe mwanamume na mama mkwe hawashikani mikono. Hawakai karibu, hawaangaliani usoni, na lenye kusemwa linapitia kwa mtu mwingine. Si chuki, ni heshima, na mimi naipenda sana kwa kuwa inanipunguzia maneno. Shida inakuja mama akitaka lifti. Katika gari langu haikuwa shida. Mimi mbele na mke wangu, watoto katikati, mama mkwe safu ya tatu, dirisha lake, mkoba wake magotini, na kati yetu umbali wa kutosha hata kwa mzee mkali wa kanisa. Kile kiti cha nyuma kikawa chake. Hata kilishuka upande mmoja, upande anaoegemea.

Kasoro yangu nyingine ni ulimi. Kiswahili nilikipita vizuri sana kidato cha nne, ndicho pekee nilichokipita hivyo, na tangu hapo nimekuwa nikikirekebisha Kiswahili cha watu bila kuombwa. Wakwe zangu, kama wengi wa Bungoma, wanabadilishana r na l. Baada ya uchaguzi mmoja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliniambia amepiga kula yake asubuhi mapema. Nikamwuliza chakula kilimkosea nini mpaka akakipiga. Alicheka, kwa sababu ni mtu mzuri. Ningekuwa yeye nisingecheka.

Basi baba mkwe alistaafu serikalini, ikapangwa ibada ya shukrani kanisani kwao. Krismasi iliyotangulia tulikuwa tumewapelekea tangi la maji, limefungwa kwenye keria ya paa la gari. Mara hii mke wangu hakuwa ameamua kama zawadi iwe televisheni au blanketi zito, na alikuwa amemdokezea mama yake hivyo kupitia kwa kaka yake. Simu ya mkononi nyumbani ilikuwa moja. Ililia mke wangu akiwa sokoni, nikaishika mimi. Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Tulinyamaza wote wawili kwa aibu, salio lake likiisha huko. Mwishowe akasema haraka haraka, kama mtu anayeongea na ukuta:

"Mwambie mama watoto. Hiyo ya gali iacheni. Mkuje na ile ya kawaida. Watu wameongea sana."

Simu ikakatika. Nilikaa kitako. Yaani gari langu, lililobeba tangi, lililombeba yeye mwenyewe kutoka hospitali akiwa na mguu mgonjwa, leo linawaaibisha mbele ya watu? Mke wangu aliporudi nikampa ujumbe, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mimi tu ningeweza kulifanya. Nilimpa ukiwa umesafishwa. Nikatoa l nikaweka r. Halafu, kwa sababu "hiyo ya" haipatani na gari, nikanyoosha na ngeli.

"Mama amesema hilo gari tuliache, twende na la kawaida."

"La kawaida lipi?" akauliza. "Kwani sisi tuko na gari ngapi?"

"Magari mangapi," nikamwambia. "Na hilo ndilo swali."

Alitaka kumpigia mama yake amwulize. Nikakataa. Nilimwuliza atasema nini, kwamba mumewe amesikia tusi lakini anaomba lirudiwe? Kisha yeye akaongeza chumvi kwenye kidonda bila kukusudia. Alisema, kusema kweli, mara ya mwisho tulipolisukuma kutoka langoni kwa baba yake wakati wa kurudi, huku waumini wakitazama, hata yeye alitamani kujifunika leso. Hakuna kilichobaki cha kujadili.

Dalali aliyeweka magari kando ya barabara ya kuingia Kitale alilizunguka gari langu akiyapiga matairi mateke, moja moja, kama amelikuta limelala kwake bila ruhusa. Kisha akanionyesha kigari cheupe, kifupi, kimetoka Japani juzijuzi. Nitoe langu, niongeze kitu juu, niondoke nacho.

"Mzee, hii ni KAT," akasema. "Ukiingia nayo Bungoma, watu watasimama."

Nilimwambia hata na lile langu walikuwa wakisimama, ndipo wapate nguvu ya kusukuma. Lakini nilitia sahihi. Hasira ilikuwa imeshika kalamu.

Fundi wangu, aliyelijua gari langu kwa mlio kama anavyomjua mtoto wake, aliinama akachungulia chini ya kile kigari, akainuka akipangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. Aliniuliza kikiharibika nitakileta kwake au nitakirudisha kwao.

Na hicho kigari, jamani. Kila nikikiwasha, mwanamke aliyekuwa ndani ya redio alinisemesha Kijapani. Sijui alikuwa akinikaribisha au akinionya. Redio yenyewe ilishika stesheni moja tu, na hiyo ilikuwa ikikoroma. Lakini baya zaidi ni kwamba kiliwaka, kila siku, mara moja, hata asubuhi ya baridi ya Julai. Mwezi huo nilihudhuria kamati tatu za harusi na moja ya mazishi. Sikuwa tena na sababu. Watu walikuja mpaka mlangoni wakisema, si uko na gari mpya bana, tupeleke. Nilikuwa nimeuza kisingizio changu cha miaka minane kwa hiari yangu mwenyewe.

Siku ya ibada tulitoka mapema. Kwa sababu ya ile ghadhabu, zawadi nilikuwa nimeichagua mimi: televisheni, kubwa, ili wajue kwamba mtu waliyemwonea haya ana uwezo. Ilijaa buti lote la nyuma. Tulipoacha lami, kile kigari kilianza kukwaruza tumbo kwenye kila kifusi, na mke wangu akishika mlango kila kilipokwaruza kana kwamba ni yeye aliyekuwa akichubuka.

Mama mkwe alikuwa amesimama langoni kwenye ua wa misaiprasi, amevaa gauni la kanisa, mkoba mkononi. Alitutazama tukiingia, halafu akaendelea kutazama barabara nyuma yetu. Shemeji alikuja dirishani kwangu.

"Shemeji, karibu. Sasa gali iko wapi?"

"Si hili hapa?"

"Hii naona. Nauliza ile gali ya mama. Kanisa ni mbali, na amewaambia akina mama wote kwamba atakuja na kiti chake."

Nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyeonewa kwamba aliyeagiza lile gari liachwe ni mama mwenyewe, kwa simu, na nimetii kama mkwe mwenye adabu. Shemeji alimwendea mama yake. Wakasemezana kwa lugha yao, mke wangu akajiunga nao, halafu nikamwona anafunika mdomo kwa kiganja. Alirudi polepole.

"Baba watoto, hebu niambie," akasema. "Mama alisema gari, ama alisema gali?"

"Alisema gali. Mimi nikasahihisha."

"Ghali," akasema. "Ile zawadi ya ghali. Alisema televisheni tuiache, tulete blanketi. Tangu lile tangi majirani wanasema anauza binti yake kidogo kidogo."

Mke wangu akaangalia kile kigari, akaangalia buti.

"Kwa hivyo kile alisema tuache, tumeleta. Na kile alikuwa anangoja, tumeuza."

Mama mkwe alikuja hadi kwenye mlango wa nyuma wa kigari, akaufungua kwa heshima, akitazama pembeni. Aliona safu mbili tu za viti. Aliona kwamba akikaa humo magoti yake yatagusa mgongo wa kiti changu, au akihamia upande wa pili, bega lake litakuwa mkono mmoja kutoka bega langu. Alisimama hapo kidogo, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na kwa kweli afadhali angeubamiza. Kisha akamwita mwenye boda boda.

Siku hizo boda boda za huko zilikuwa baisikeli, zenye kiti cha sponji nyuma. Alikaa upande, mkoba magotini, mwavuli umefunguliwa, akaondoka kwenda kumshukuru Mungu kwa kustaafu kwa mumewe. Mimi nikafuata. Kumpita nisingeweza, kwa sababu ningemjaza mama mkwe vumbi mbele ya waumini wake. Kwa hiyo nilikwenda nyuma ya baisikeli kwa gia ya kwanza, kilima baada ya kilima, KAT yangu ikimeta, na watu wakasimama kweli kama dalali alivyoahidi. Kijapani kilitusindikiza hadi kanisani. Mke wangu alikuwa akitazama nje na mabega yakimtikisika. Nilimwomba kama anacheka acheke wazi. Akacheka wazi.

Jumatatu nilirudi kwa dalali. Nilimwambia nataka gari langu, achukue lake. Alicheka mpaka kofia ikamlalia usoni, akaniambia gari si jembe la kuazimana. Langu lilikuwa limekwenda Endebess, kwa mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa.

Nilikwenda, mimi nisiyependa kwenda popote. Nilikuta amelitoa safu mbili za nyuma na kulijaza madebe ya maziwa. Hakutaka hata kusikia habari ya kuliuza. Alisema tangu alinunue halijamkatalia hata siku moja, linawaka saa kumi na moja alfajiri na kupanda mlima na mzigo. Sijawahi kusalitiwa namna hiyo na chuma. Miaka minane nalibembeleza, kumbe kazi lilikuwa linaijua.

Viti vyake vilikuwa vimetupwa bandani. Kile cha safu ya tatu nilikitambua kwa ule upande ulioshuka. Juu yake alikuwa ameketi kuku mwekundu, akinitazama kama mtu aliyelipia.

"Kiti chukua tu, ni chako," mfugaji akasema. "Lakini kuku ameatamia. Ngoja kama wiki tatu hivi."

Kwa hiyo baada ya kungoja nyuma ya baisikeli nikangoja nyuma ya kuku. Vifaranga walipototolewa, mfugaji alikileta mwenyewe, siku aliyokuwa akipeleka maziwa Kitale, ndani ya gari lenyewe. Liliingia langoni kwangu bila aibu. Wakati wa kuondoka nilisimama tayari kusukuma, kwa mazoea. Likawaka mara moja.

Kiti nilikiosha, fundi akakitengenezea miguu ya mbao, nikakiweka mwisho wa veranda, mbali na mlango. Mwaka uliofuata mama mkwe alikuja kututembelea. Mke wangu alimwongoza hadi hapo. Alikitazama kile kiti, akakipapasa, akakaa, akaegemea upande ule ule, mkoba magotini. Mimi nilikuwa upande wangu wa veranda, nikitazama migomba kwa bidii. Mke wangu aliingia jikoni kuleta chai, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Mama akaisemea migomba.

"Hii ni ya gali?"

Nilifikiri sana. Kama aliuliza iwapo kimetoka kwenye gari, kilikuwa kimetoka kwenye gari. Kama aliuliza iwapo kimenigharimu, hakuna kitu katika nyumba ile kilichowahi kunigharimu kama kile. Sikusahihisha herufi hata moja.

"Ndiyo, mama," nikaijibu migomba. "Ni ya gali."